Bambo

Mwaka wa kumi na tisa huu nachoma magunia ghalani Tandahimba.
Bambo huingia ubavuni, hutoka na korosho saba, nane,
na gunia halisemi kitu,
nyuzi za juti hurudi mahali pake kana kwamba hapakupita chuma.
Nazipasua kiganjani.
Hii nyeupe. Hii ina madoa.
Hii imeoza, na ganda lake linang'aa kuliko zote.
Wakulima hunitazama mdomo.
Sikuwahi kuuliza kwa nini mdomo.

Kisha Jumanne moja, Mtwara mjini, hospitali ya Ligula,
daktari kijana mwenye mikono ya shati iliyokunjwa
akanichoma shingoni, chini ya taya, palipovimba.
"Tulia mzee, ni kama siafu."
Mzee! Nina miaka arobaini na sita.
Nikajifumba kama juti.

Wiki tatu baadaye alinipa jina.
Jina refu, la ng'ambo, lenye miguu mingi kama jongoo.
Nilimtazama mdomo.
Akasema linatibika. Alisema mara mbili.
Mimi nilitoka na jina;
"linatibika" nililisahau kwenye benchi, pamoja na mwavuli.

Watu husema hofu hunguruma.
Yangu ni panya darini, saa tisa usiku:
anakuna, ananyamaza,
nawe umekodoa macho gizani ukingoja akune tena.
Nakibonyeza kivimbe. Kimekua?
Nakibonyeza kwa kidole kingine,
kama hakimu anayeita shahidi wa pili.
Nahesabu ada ya Zuhura, muhula kwa muhula.
Nahesabu mikorosho ya Nanyanga, ishirini na miwili,
na nani ataipulizia salfa mwezi wa sita.
Nahesabu mpaka adhana, na hesabu haifungi.

Cheti nilikichomeka kati ya stakabadhi za msimu wa juzi.
Somoe hasomi stakabadhi.
Husoma mgongo, namna unavyogeuka kitandani.
Siku ya tisa akasema, bila kuwasha taa:
"Ulichokificha kina unyevu. Kinanuka.
Gunia bichi likiletwa ghalani kwenu, mnalifanyaje?"
"Tunalirudisha. Mwenyewe akalianike."
"Haya."

Basi alfajiri, ukungu bado umekaa juu ya paa,
tuliketi jamvini nyuma ya nyumba, nikalitamka lile jina.
Ulimi ulijikwaa kwenye mguu wa tatu.
Somoe akacheka. Akalia. Akajifuta kwa ncha ya kanga.
"Na mengine alisemaje?"
"Alisema... linatibika."
"Neno zima hilo, mume wangu, ulilisahau wapi?"

Tangu hapo tunaianika.
Tarehe ya dawa ya kwanza. Nauli. Pa kulala, kwa shemeji Chikongola.
Kama nywele zitatoka. Kama nitatapika mbele za watu.
Na lile jingine pia, ambalo hata Somoe hulisema akitazama kando.
Tunaligeuza kwa mguu, upande huu, upande ule,
mpaka jua lipande, tukusanye, kila mtu aende kazini.

Siku nyingine kuna wingu.
Jana nilimfokea mtoto wa jirani kwa ndoo ya maji,
ndoo moja, tena ya kwake.
Nikaingia ndani nikakaa juu ya debe, mikono inatetemeka.
Haikauki yote. Sijawahi kuona gunia lililokauka kabisa;
kipimo chenyewe huacha kiasi.

Ghalani nimerudi. Naweka kiganja ubavuni mwa gunia kwanza,
ndipo bambo.
Vijana wa mizani wananicheka: mzee analibembeleza gunia.
Juzi Bi Esha Mnali alileta mawili, tangu asubuhi amesimama,
macho yake juu ya midomo yangu.
Nikamwambia, "Mama, nakata moja moja. Itachukua muda."

Nikaenda ofisini, nikarudi na stuli.
Mwenye ofisi ameiulizia mara mbili.
Siirudishi.